Magamba Yaliyofungiwa Kufuli Mbili

Jumatatu, 5 Agosti 2024
Lori la magamba limeingia tena kutoka Chato. Magunia arobaini ya magamba ya sangara, yameshinda juani njia nzima. Funza wanatoka kwenye mishono. Kazi yangu ni kuyaosha, kuyachemsha, kuyaanika, kuyatwanga, kuyajaza kwenye mapipa. Leo nimetapika mara moja tu — maendeleo! Yananata mpaka kwenye nyusi. Mchana nimekuta gamba ndani ya ugali. Kwetu Newala nilibangua korosho nikadhani hakuna kazi chafu kuliko ile. Nilikuwa mjinga.

Jumatano, 7 Agosti
Madamu Sesilia, mtaalamu wa maji, ametuonyesha tena mradi wake. Maji machafu ya mwaloni, wanakooshea dhahabu kwa zebaki, yanapitishwa kwenye mapipa yetu. Zebaki na madini ya risasi yanang'ang'ania magamba. Maji yanaingia rangi ya kinyesi, yanatoka meupe. Nakiri, ni ajabu. Kitu kinachonuka hivi kusafisha maji!

Magamba yakishashiba ni sumu kuliko maji yenyewe, anasema. Hayamwagwi, hayachomwi. Yanakaa stoo ya zege, kufuli mbili. Funguo anazo yeye, na mimi ninazo kwa sababu ndiye ninayeingiza magunia.

Jioni nimemsimulia jirani yangu Marselino wa karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Akacheka mpaka akashika mbavu.
"We Mmakonde, miaka miwili Geita hujajifunza kitu? Hapa kinafungwa nini kufuli mbili kama siyo dhahabu?"
Akanikumbusha kaboni ya kuchenjulia dhahabu: inaloweshwa, inashika dhahabu, inafungiwa, inachomwa. "Hayo magamba ni kaboni ya wasomi."
Nilicheka naye. Kitandani sikucheka tena.

Jumamosi, 10 Agosti
Madamu amekwenda Shinyanga. Nimefungua stoo. Naandika wazi, daftari hili hakuna anayelisoma. Marselino amebeba gunia moja kwa baiskeli, tutagawana nusu kwa nusu. Neno sumu nililisikia kwa masikio yangu. Nilijiambia anatutisha tusiibe. Mabosi wote hutisha.

Jumapili, 11 Agosti
Ameyachoma kwenye karai, jikoni kwa mke wake, mlango umefungwa wachimbaji wasinuse. Mimi nimekaa nje, nalinda. Harufu! Nywele, kucha, samaki aliyekufa mara mbili.

Mkewe, Mama Bhoke, amerudi kanisani moshi bado umejaa, mtoto mgongoni.
"Baba Bhoke! Umechoma maiti jikoni kwangu?"
"Nakaushia kuku chakula, mama. Pika."
Akafungua mlango, akapika uji humo humo, Bhoke anakohoa mgongoni. Nilimwona. Nikageukia barabara, nikaendelea kulinda.

Kwenye mfuniko wa karai kulikuwa na vitone vyeupe vinavyokimbia ukivigusa. Zebaki. Marselino akasema dhahabu iko chini, akachochea tena. Chini kulikuwa na majivu.

Jumatatu, 12 Agosti
Mdomo una ladha ya msumari. Marselino anakohoa, kifua kinambana. Bhoke amekataa ziwa. Ana miezi saba.
"Shemeji, njoo umwone," Mama Bhoke ameniita. "Anahema kama mbuzi aliyekimbizwa."
Nimemwona. Mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi.
Marselino amenivuta pembeni. Ni malaria tu, anasema. Na nikifungua mdomo tunafungwa wote, yeye kwa kuchoma, mimi kwa funguo.
Nimeoga mara tatu. Bado nanuka samaki. Najichukia mpaka ngozi.

Jumanne, 13 Agosti
Zahanati. Naandika nikiwa kwenye benchi. Kipimo kimesema hakuna malaria. Daktari amemuuliza Mama Bhoke: mtoto amekula nini, nyumbani kuna moshi gani?
"Wa kuni, daktari. Na juzi baba yake alikausha magamba ya samaki, ya kuku."
"Ya samaki tu?"
"Ya samaki tu."
Hadanganyi. Hajui. Marselino alikuwa anatazama dari. Daktari ameandika nimonia, ameagiza sindano. Mtoto midomo imekuwa ya bluu.

Nimechana karatasi ya nyuma ya daftari. Nimeandika: ZEBAKI. MAGAMBA YA STOO. YALICHOMWA JIKONI JUMAPILI, MTOTO ALIVUTA MOSHI. Niliishia darasa la sita, lakini inasomeka.

Marselino ameiona.
"Una watoto wangapi Newala?" amenong'ona.
Wawili. Anajua ni wawili.

Nesi ametoka na trei, anaita: "Bhoke Marselino!" Mama yake amesimama. Marselino hakusimama, ameweka buti lake juu ya mguu wangu na anakandamiza. Karatasi inalowa jasho mkononi. Daktari yuko mlangoni, anauliza nani mwingine ni wa mtoto huyu. Nimenyoosha mkono wenye karatasi. Ananitazama —