Matita ya Majani ya Miwa

Musanda,
4 Februari 1979

Kwa ndugu yangu mpendwa Joash,

Pokea salamu zetu huko Likuyani. Sisi tu wazima, isipokuwa mkono wa Mama uliovunjwa na majambazi siku ya malipo ya miwa. Baridi ikija humsumbua. Natumai u mzima.

Baada ya salamu, naomba kuwasilisha jambo. Tangu miwa ilete fedha, imeleta na bunduki. Nikiwa katibu wa kamati ya usalama, nimeandika maombi mengi, na hatimaye naibu chifu amekubali. Jumapili ya mwisho ya Machi kila nyumba italeta kanisani tita la majani makavu ya miwa. Mwenye bunduki ataificha ndani, ili zote zikabidhiwe polisi. Kwa kuwa matita yatafanana, hakuna atakayejulikana wala kukamatwa. Hivyo naomba idhini yako kuhusu ile uliyoiacha darini kwa Mama.

Kaka yako mkubwa,
Andati (Katibu)

Likuyani,
26 Februari 1979

Kaka,

Habari za huko? Mimi mzima, ni mgongo tu. Mbona waniandikia kama bwana tarafa? Tumelala mkeka mmoja mimi na wewe!

Niliinunua baada ya Mama kuvunjwa mkono. Siku ile maombi yako yalikuwa wapi? Yalikuwa juu ya meza ya mtu, yamewekewa kikombe cha chai. Majambazi hawataleta matita, kaka. Usiiguse mpaka nije Krismasi.

Mdogo wako,
Joash

Musanda,
20 Mei 1979

Ndugu yangu Joash,

Natumai mgongo umepata nafuu. Hapa uzima upo kiasi.

Sikuigusa. Matita yalijaa kanisa hadi mlangoni. Tulipoyafungua tulikuta majani matupu, likiwemo tita letu. Kila mtu alimngoja mwenzake, na kwa mpango wangu mwenyewe hakuna aliyeweza kumwona mwenzake akitoa.

Wiki iliyopita, kesho yake baada ya malipo, jirani yetu Lazarus alisikia mlango ukigongwa alfajiri. Akafyatua risasi kupitia mlangoni. Kumbe alikuwa shemeji yake, Wanyama, mkata miwa, amekuja kuazima panga. Tulimzika Ijumaa. Nilipewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu, nikakosa sentensi ya mwisho.

Tutajaribu tena Juni. Nakusihi unijibu.

Kaka yako,
Andati

Musanda,
11 Juni 1979

Joash,

Salamu. Barua yangu ya Mei haijajibiwa.

Jana Mama aliniamuru niishushe bunduki darini. Nikamwambia, "Mama, tunamngoja Joash." Akasema, "Kwani Joash ndiye aliyenizaa?"

Akaifunga kwa leso nyekundu uliyomnunulia, mtutu ukiwa nje, akajitwika kichwani na kupita nayo katikati ya soko hadi kanisani. Jescah, muuza ndizi, akapiga kelele: "Mama Andati, inaonekana!"

"Si ndiyo maana mna macho?"

Kabla ya ibada kwisha, mzee Khisa alitoka, akarudi na yake mkononi, bila jani hata moja. Wengine wakafuata. Si wote, nyumba zilizobaki nazijua. Sasa tunalinda milango ya wajane, Mama akiwemo, kwa zamu, silaha yetu ni filimbi. Nimechoka, ndugu yangu.

Andati

Likuyani,
20 Juni 1979

Kaka,

Poleni nyote. Barua zote mbili nilizipata. Wanyama ndiye aliyenifundisha kukata miwa.

Polisi wakichukua bunduki, waiache leso. Mrudishie Mama, ajifunge mkono.

Kwenye zamu ya mlango wake andika jina langu. Tajiri amenipa ruhusa, nafika Jumamosi. Filimbi nitajinunulia.

Mdogo wako,
Joash