Bwana Harusi Aliyeimba Siku ya Kunyamaza

Mama Warda mpendwa, amahoro, mimi ni Lameki wa Rumonge, na kama hunijui basi hujawahi kwenda teyatiri, maana kazi yangu ni michezo ya kuimba tangu kambi ya wakimbizi kule Tanzania, nimeimba nikiwa mufalme, mamba, hata mujane mwenye mimba, na kule Gitaza nilikufa jukwaani vizuri mpaka mama mmoja akanifunika kitenge chake akaulizia jeneza, lakini leo nalia machozi ya kweli, sababu ni Kornelia wa Minago, tunapendana, na tulipokwenda kwao kutoa mahari, msemaji wetu, baba mudogo Melkiades, alisimama mbele ya wazee, akafungua kinywa, maneno yakapotea, kila mtu anaangalia bia yake, na sisi wa jukwaani tumezoea, mwenzako akisahau unamuokoa, basi nikaruka, nikaimba mahari yote, ng'ombe kwa sauti nene, jembe kwa sauti nyembamba, vijana wakaitikia, bibi yake Kornelia akacheza mpaka kilemba kikaanguka, hata mguu wa baba yake, muzee Ayubu, niliuona unapiga mudundo chini ya meza, halafu akakumbuka kwamba siku ile bwana harusi hasemi, akafoka: "Nilingoja mukwe, mumeniletea orkestra! Achague, kuimba ama mutoto wangu!" Mama, bila Kornelia sili, bila teyatiri sipumui, nifanye nini?

Lameki, pole, nimecheka mpaka chai ikanitoka puani. Lakini umekosa, baba! Siku ile kazi yako ilikuwa kukaa kama mtungi. Ulimuokoa Melkiades, ukamuaibisha muzee Ayubu mbele ya ndugu zake. Sasa majirani wanasema binti yake kaposwa na mamba.

Kuacha kuimba usiahidi, utavunja ahadi kesho yake tu, ukiwa unaoga. Tafuta msemaji ambaye kichwa chake hakivuji. Rudini Minago na bia ya kuomba radhi, yeye aseme, wewe ucheze mchezo mgumu kuliko yote: bubu. Naye akisahau, uma ulimi! Bibi yake Kornelia akikukonyeza, tazama chini.

Tena ukitazama chini utaona dawa yako. Umeniandikia mwenyewe, mguu wa muzee ulicheza. Anayechukia nyimbo hapigi mudundo. Kilichomuuma ni heshima yake, mrudishie yote, kisha ngoja. Bia ikimshuka vizuri atakuinamia mwenyewe: "Mukwe, ile ya ng'ombe ilikuwaje?"

Hapo, mwanangu, simama. Anza na sauti nene.