Namba ya Mtu wa Karibu

Hafidha, nilikuwa naandikisha wagonjwa hapa kliniki.

Mama mmoja akafika dirishani. Sikuinua kichwa. "Jina?" "Dama." "Kijiji?" "Chara." Hata hapo sikushtuka.

"Namba ya simu ya mtu wako wa karibu?"

Akaitaja polepole. Niliandika mpaka tarakimu ya saba, ndipo mkono ukasimama. Namba yangu, Hafidha. Namba yangu!

Akasema, "Andika tu, ila huyo siku hizi hashiki simu."

Mama yangu mzazi, na sauti yake sikuitambua.

Nikamuuliza anaumwa wapi. "Siumwi, Josephine. Nimepanga foleni nikuone."

Unajua nilivyo tangu Januari. Naamka nimechoka, sina hamu na chochote. Simu yake ikilia naigeuza kifudifudi, nasema nitampigia nikimaliza kazi. Kazi yenyewe haiishi.

Nililia mbele ya wagonjwa wote. Yeye ndiye aliyewaambia, "Mtuwie radhi, mwanangu amechoka."

Sasa wagonjwa wamekwisha. Faili arubaini hazijaingizwa kwenye kompyuta, nimeziacha mpaka kesho. Mama yuko kwenye benchi ananingoja, nami sijui nianze na neno gani.