Fatiha Niliyoisoma Kabla ya Makubaliano

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumatatu, baada ya Alasiri

Kwa dada yangu mkubwa, Bi Zuhura binti Maalim Omari, Pangani.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Namshukuru Mola aliyetubakiza, mimi na wewe, katika umri ambao wengi wa rika letu wamekwisha tutangulia, nami nikaweza kushika kalamu na wewe ukaweza kusomewa. Hali yangu ni ya kushukuriwa. Jicho la kulia limepata nafuu tangu waliposafisha ule mtoto wa jicho. La kushoto bado lina ukungu, na daktari ameniambia nivute subira. Saada mwanangu na mumewe wananitunza vizuri mno, ila nyumba yao iko ghorofa ya tatu, na kila nirudipo kutoka msikitini napumzika mara mbili ngazini kama mtu anayepanda Usambara. Nakuuliza magoti yako. Nimesikia kwamba siku hizi unasali umekaa kitini. Usione haya kwa hilo, dini yetu ni nyepesi. Na ule ukuta wa chuo cha Kurani wa upande wa mvua, je, umekwisha kandikwa?

Simu ninayo, na Saada angeweza kukupigia wakati wowote. Lakini jambo ninalotaka kukueleza halisemeki kwa simu, kwa sababu kila nikilianza hujikuta nimelianza mahali pengine. Nimeona bora niliandike, upate kulisikia polepole, kisha uniambie nimekosea wapi. Wewe ulisoma kwa baba miaka mingi kuliko mimi, na huku sina wa kumuuliza ambaye hataniambia kwanza, "Maalim, wewe ndiye mjuzi."

Mbele ya ghorofa yetu, kati ya nyumba mbili za chini, pana kichochoro, upana wake watu wawili wakipishana kwa adabu. Hapo anakaa Bi Tatu, mjane wa makamo, anayekaanga vitumbua tangu Alfajiri hadi jua likipanda. Wachukuzi na wauza maduka wote hupita kwake kabla ya kwenda sokoni. Chumba alichopanga hakiruhusiwi moto, mwenye nyumba amekataza; kwa hiyo kichochoro hicho ndicho jiko lake, na ndicho kilichomlelea wanawe na watoto wa marehemu dada yake. Bwana Salehe, muuza vitenge, amenunua nyumba za pande zote mbili. Ameomba halmashauri imruhusu kukiziba kichochoro na kujenga ghorofa moja juu ya vyote. Si mtu mbaya. Tunasali safu moja, na Ramadhani futari yake huwafikia hata wasiomjua.

Ombi kama hilo, nimeelezwa, halifiki halmashauri mpaka wakazi wa mtaa wakutane na kauli yao iandikwe. Basi tuliitwa, tukakaa chini ya turubai mbele ya ofisi ya mtaa. Mimi niliwekwa kiti cha mbele pamoja na mwenyekiti wa mtaa, kwa kuwa ni mzee na ni mwalimu wa watoto wao. Sikuwa na la kusema. Nilikwenda kwa sababu nilialikwa.

Dada, palichafuka. Mchukuzi mmoja aliinuka na kusema, "Wakiziba pale sisi na mizigo tupite wapi? Tuna mbawa sisi?" Watu wakacheka. Kijana wa Bwana Salehe akamjibu, "Zunguka, kaka, miguu si unayo? Au umeikopesha?" Bi Tatu akasimama na upawa wake mkononi, hakuwa amepata wasaa wa kuuweka.

"Nimeanza kukaanga pale mwanangu yuko mgongoni," akasema. "Leo huyo mwanangu ananipita urefu, halafu naambiwa nimevamia! Nimevamia nini, moshi?"

"Hakuna aliyesema umevamia, Bi Tatu," akasema Bwana Salehe. "Nimesema nitakutafutia pa kukaa."

"Wapi?"

"Nitatafuta."

"Basi tafuta kwanza, ndipo uzibe!"

Hapo wakainuka wote kwa pamoja, mmoja akamshika mwenziwe ukosi wa shati. Jua lilikuwa utosini na adhana ya Adhuhuri imekaribia. Mwenyekiti akaniinamia, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mzee, tufungie kwa dua, la sivyo hapa patamwagika damu."

Nami nikasimama, nikanyanyua mikono, nikasema, "Al-Fatiha."

Fahamu vizuri nilichokifanya, kwa kuwa mimi mwenyewe nilichelewa kukifahamu. Iko dua ya kuvunjia kikao, ile fupi ya kuomba msamaha kwa yaliyosemwa, ambayo wewe na mimi tumewafundisha watoto wasioweza hata kuhesabu. Hiyo ndiyo niliyopaswa kuisoma. Lakini ulimi ulikwenda ulikozoea. Unajua desturi yetu watu wa pwani: posa ikikubaliwa, Fatiha; ndugu wakipatana, Fatiha; shamba likigawanywa na kila mtu akaridhika, Fatiha; na baada yake hakuna afunguaye tena mdomo. Mimi nilitaka watulie tu. Nao wakatulia. Wakanyanyua mikono, wakaitikia amin, wakaenda kusali. Bi Tatu alikunja kanga yake akaondoka bila neno, nami nikajisifu moyoni kwamba nimezima fitina. Mola anisamehe kwa hilo kabla ya jingine.

Wiki chache baadaye nikaletewa mwaliko wa kuhudhuria kikao cha kamati ya halmashauri, kama mtazamaji, pamoja na mwenyekiti. Nilivaa kanzu ile uliyonishonea, tukaenda kwa miguu polepole, tukakatiza Mnazi Mmoja mpaka huko mjini. Ukumbi ulikuwa na baridi kuliko kipupwe cha kwetu. Walianza kwa dua, jambo lililonifurahisha. Kisha nikapotea. Walifungua makabrasha mazito, mwenyekiti wa kamati akauliza, "Ukurasa wa kwanza? Ukurasa wa pili?" na kila ukurasa wajumbe wakaguna kwamba ni sawa. Kwenye ukurasa mmoja mjumbe alilalamika kwamba jina lake limeandikwa vibaya katika muhtasari uliopita. Walijadili jina hilo kwa muda mrefu, na kwa adabu kubwa. Wakapokea taarifa ya taka, wakapokea taarifa ya vizimba vya sokoni, wakaagiza taarifa nyingine iletwe kwa kuwa ile haikuwa na kiambatisho. Sikuona mtu mvivu wala mtu mwenye hila. Niliona watu wanaofanya kazi yao kwa utaratibu, kama sisi tunavyofuata nguzo za sala.

Likafika la kichochoro chetu. Ofisa akasoma sentensi nne. Mwenyekiti wa kamati akauliza, "Wananchi walishirikishwa?" Ofisa akajibu, "Ndiyo, muhtasari wa mtaa umeambatishwa, hakuna pingamizi." Mmoja akasema anaafiki, wa pili akaunga mkono. Wakafungua ukurasa mwingine. Dada, nilikuwa nimeshika glasi ya maji, na nilipoishusha jambo lilikuwa limekwisha pita.

Nikainua mkono. Mwenyekiti wetu akaushusha taratibu. "Mzee, sisi ni watazamaji, haturuhusiwi."

Walipopumzika kwa chai nilimwendea yule ofisa, binti mwenye heshima.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Hili la kutokuwa na pingamizi mmelipata wapi? Mimi nilikuwapo, watu walikaribia kupigana."

Akanifunulia karatasi. Imeandikwa kwamba maoni yalikuwa mengi na yenye kutofautiana, na kwamba mwishowe mkutano ulihitimishwa kwa Fatiha iliyosomwa na Maalim Bakari Omari, ambayo wakazi wote waliiitikia, na hapakubaki mwenye neno. Jina langu, dada. Limeandikwa bila kosa hata la herufi moja.

Nilirudi nikiwa kama mtu aliyeamshwa katikati ya usingizi akaulizwa siku. Nikaenda moja kwa moja kwa mtendaji wa mtaa aliyeandika muhtasari ule, kijana anayeitwa Hamisi, mzaliwa wa Rufiji. Nilikwenda nikiwa na hasira kidogo, nakiri.

"Hamisi, umeandika nini?"

"Nimeandika kilichotokea, mzee wangu." Alisimama kunipa kiti. "Nimezidisha neno?"

Nikatafuta neno alilozidisha, sikuliona. Akaniambia, "Kwetu Fatiha ikisomwa, nani mwenye ubavu wa kunyanyua sauti? Niliwatazama wote. Hata Bi Tatu hakusema kitu. Mimi nikajua wazee mmekwisha yamaliza."

Angekuwa mgeni wa bara angeandika kwamba mkutano ulifungwa kwa sala, na watu walitawanyika bila kuafikiana. Kilichoniangusha ni kwamba mwandishi alikuwa mwenzetu, anaijua desturi kama ninavyoijua mimi.

Asubuhi yake nikashuka kwa Bi Tatu. Alikuwa anageuza vitumbua kwa kile kijiti chake, hakuniangalia usoni. Nikamuuliza kwa nini siku ile alinyamaza.

"Maalim, si uliisoma wewe Fatiha?" akasema. "Mimi ni nani niinuke juu ya Fatiha? Nilikwenda ndani nikalia, nikasema, ikiwa Maalim ameona hivyo, basi iko heri nisiyoiona."

Sijui kama nimewahi kusikia maneno mazito kuliko hayo. Alinidhania nimehukumu, kumbe mimi nilikuwa nimechoshwa na makelele.

Tangu siku hiyo sielewi nimesimama upande gani. Hamisi ameniambia kamati hupendekeza tu. Baraza la madiwani ndilo huamua, na kabla halijakaa mkazi anaweza kupeleka pingamizi la maandishi. Nikafurahi. Kisha Bwana Salehe akanisubiri nje ya msikiti, akanishika mkono kwa upole.

"Maalim, nimesikia unataka kuandika. Mimi niliitikia amin yako kwa moyo safi. Nimekwisha agiza nondo. Mwezi uliopita ulisoma Fatiha ya posa ya binti yangu. Na ile nayo utaitengua?"

Nilipanda ngazi za nyumbani nikipima pande zote mbili. Nikisema Fatiha ile haikufunga kitu, kesho kila mgomvi wa mtaa huu atasema hivyohivyo juu ya Fatiha yake, na sisi wazee hatutakuwa na cha kuwapatanisha nacho. Nikinyamaza, mama wa watu anaondolewa kwenye jiko lake kwa maneno matukufu yaliyotoka kinywani mwangu. Nimefungua vitabu vya baba. Viko milango ya ndoa, ya mirathi, ya deni na ya ujirani. Mlango wa mtu aliyesoma Fatiha kwa kuchoka sikuuona. Nimesali istikhara nikimwomba Mola anionyeshe lililo heri, nami nimeamka na mashaka yaleyale.

Jana Hamisi aliniandikia karatasi ya pingamizi kama utaratibu unavyotaka, nikaichukua mpaka kichochoroni pamoja na kalamu. Ilimpasa Bi Tatu atie saini yeye, kwa kuwa ndiye anayeathirika. Alijifuta mafuta kwa pindo la kanga, akaishika kalamu, asiandike.

"Maalim," akaniuliza, "nikitia saini hapa, nitakuwa nimeikanyaga Fatiha?"

Dada, watu wameniuliza maswali ya dini umri wangu wote, nami sijapata kukosa la kusema, hata kama ni kumwelekeza mtu kwa ajuaye zaidi. Jana nilikosa. Mchukuzi mmoja alikuwa amesimama na kitumbua mdomoni, akaacha kutafuna.

"Sijui," nikamwambia. "Ninachokijua ni kwamba siku ile hamkuwa mmepatana, nami niliisoma kana kwamba mmepatana. Ikiwa kuna dhambi, iandikwe kwangu."

Akageuka kuepua kikaango, mafuta yalikuwa yanaungua.

"Basi anza wewe," akasema, akanirudishia kalamu. "Andika jina lako juu, mimi nitaandika chini yake."

Nikaandika. Mstari ukapinda kama wa mtoto wa alifu, be, te. Naye akaandika chini yangu, herufi moja moja, akitaja kila moja kwa sauti. Leo asubuhi nimeipeleka mwenyewe halmashauri, yule binti ofisa ameigonga muhuri na kuniambia itaingia katika orodha. Bwana Salehe hakunipa mkono baada ya Adhuhuri. Sijui baraza litasema nini, na wala sijui kama nimeitengua Fatiha au nimeirudishia heshima yake. Isikilize barua hii kwa utulivu, dada, na uniambie baba angesema nini. Ukiona nimepotoka usinifichie kwa sababu ya mvi zangu.

Nifikishie salamu kwa shemeji yangu, mumeo, na umwambie kofia aliyoniagiza nimeshaipata. Msalimie mama mdogo, umbusie mkono kwa niaba yangu. Pia mke wa marehemu kaka yetu na wanawe wote, na yule binamu yetu muadhini, ambaye sauti yake naikumbuka kila spika za huku zinaponishtua. Watoto wa chuo waambie babu yao wa Dar anawaombea wafahamu wanachokisoma, kisha wafahamu ni wakati gani wa kukisoma.

Nakuacha katika ulinzi wa Yule asiyesinzia.

Ni mimi, mdogo wako mwenye kuhitaji dua yako,
Bakari bin Omari