Kofia za Uhuru na Macho ya Dada Mwanapili

Mombasa, 5 Oktoba 1963

Dada Mwanapili, shikamoo.

Natumai wewe na binti yako Chiku mko salama, na kuku wa Gazi bado wanataga. Mimi usiniulize: bahati imenivamia! Nimeajiriwa na daktari wa macho, na sasa mimi ndiye mkono wake wa kulia. Akitaka kupiga chafya ananiuliza kwanza. Koti ninalovaa ni jeupe mpaka wazee wenye ndevu wananiamkia. Mimi, niliyekimbia darasa la nne!

Mdogo wako mwenye nyota,
Waziri

Gazi, 14 Oktoba

Waziri mdogo wangu, marahaba.

Sisi wazima, alhamdulillahi, isipokuwa macho yangu. Barua yako imeniliza kwa furaha. Mungu amekuweka hapo kwa ajili yangu.

Kila mwanamume kuanzia hapa hadi Msambweni anataka kofia mpya ya siku ya Uhuru. Nashona viua kutwa, kitundu baada ya kitundu, kofia imegusa pua. Nikiinua uso, nyumba ya jirani ni ukungu mtupu. Macho yanavutwa ndani kama kamba, kichwa kinapasuka.

Sasa nimempita Bi Mwanaima njiani bila kumwamkia, si mara moja! Mama wa mchumba wa Chiku! Anasema mwanawe haoi nyumba isiyo na salamu. Nilikwenda kumwomba radhi, akanijibu, "Macho ya kutungia uzi kwenye sindano unayo, ya kuniona mimi huna?"

Kuna mchuuzi anapita na kikapu cha miwani. Nilijaribu yake, nikaona mpaka mikoko ya ng'ambo, lakini kichwa kikauma maradufu. Ninunue? Muulize daktari wako.

Dada yako,
Mwanapili

Mombasa, 18 Oktoba

Dada, shikamoo, na pole sana.

Usinunue! Mfukuze yeye na kikapu chake! Miwani si maembe, ya kubonyezabonyeza. Weka sindano chini, panda basi Jumatatu, nitakupokea kivukoni. Bi Mwanaima mwambie asivunje posa kabla daktari hajasema neno.

Mdogo wako,
Waziri

Gazi, 2 Novemba

Waziri wangu, hujambo? Ulifika chumbani salama siku ile ya daktari?

Maneno ni yangu, mkono ni wa Chiku, maana yale matone ya daktari yamefanya maandishi ya karibu nisiyaone. Lakini mbali! Bi Mwanaima alikuwa ndiyo kwanza anatoka mlangoni kwake, nami niko kisimani, nikapaza sauti: "Shikamoo, Bi Mwanaima!" Kuku wakatawanyika.

Nikamweleza kama tulivyoelezwa: macho hayana ubovu, ni msuli wa ndani uliokaza kwa kutazama karibu mno, kama mguu unavyokakamaa usingizini. Matone yanaulegeza. Kushona marufuku mpaka dawa iishe, kisha nishone kidogo, niinue uso, nitazame mbali. Bi Mwanaima alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe nimenuniana na msuli!" Kofia zilizobaki amezichukua yeye na wenzake, wanashona. Harusi ni wiki ya Uhuru!

Ila jambo moja, mkono wa kulia wa daktari: mbona tulipanga foleni tangu asubuhi, na koti hukuvaa? Ulisema uko likizo. Haya, wakubwa mna taratibu zenu.

Nimekusifu mtaa mzima. Bi Mwanaima ana mtoto wa jicho, anakuja Jumatatu ya tarehe 11 na wenziwe watano. Wanasema wao hawapangi foleni, watataja jina lako tu.

Dada yako,
Mwanapili

Mombasa, 5 Novemba

Dada, shikamoo. Chiku, hongera, mwanangu!

Niliposoma ule ukelele wa kisimani niliruka, Kanze muuza mihogo akadhani nimeokota pesa. Waje! Waje wote! Nitawapokea kivukoni, niwabebee mizigo, nikae nao benchini mpaka jioni kama nilivyokaa nawe. Lakini waje mapema, wapange foleni kama watu, na jina langu wasilitaje kwa yeyote.

Barua yako ya macho ndiyo iliyonizungusha mji mzima nikiuliza daktari wa macho yuko wapi. Simjui, dada. Siku uliyomwona wewe ndiyo niliyomwona mimi. Nilikudanganya. Kazi sina.

Mdogo wako,
Waziri