Nani Atamsemea Sajini?

Mpendwa mshauri Bi Fatumah, naomba unisaidie, maana nimeongoza askari miaka mingi lakini watoto wangu watatu wamenishinda.

Mimi ni Obwona, sajini mstaafu na mgane, niliingia polisi vita vya 1986 vilipokwisha, nikawalea watoto kambini hadi wakazoea kuniita Afande badala ya Baba, na sasa naishi Bukoto, hapa Kampala, na binti yangu mkubwa Laker, ambaye ndiye anayejua dawa zangu zote na ndiye anayenipeleka kliniki. Mwaka jana nilipata kiharusi, ulimi ukafa kabisa, daktari akataka kunitia mpira wa kulishia puani, akauliza nani anasema kwa niaba ya mgonjwa, na hapo ndipo vita vikaanza juu ya kitanda changu: mwanangu Odyek anasema, "Tumngoje Baba Mkubwa," kaka yangu Ocaya anaamuru kwa simu kutoka Gulu nipakiwe garini nirudishwe kwa mababu, Laker anasema, "Afande atakata roho njiani, kabla ya daraja la Karuma," mdogo wao Goretti anasema tuombe kwanza, na mimi nasikia kila neno ila siwezi kusema hata "nyamazeni!" Mungu mkubwa, walikubali mpira mwishowe, nikapona, na leo naongea mpaka majirani wanalalamika.

Sasa daktari wa kliniki amenishauri niamue mapema nani atanisemea nikizidiwa tena, na tiba gani naitaka na ipi siitaki, nikaona ni jambo jema, nikawaita watoto Jumapili baada ya misa, nikawapanga mstari uani, nikawatangazia kwamba msemaji ni Laker, kwamba mashine isiyo na matumaini siitaki, kwamba nipewe dawa ya maumivu na nisisafirishwe nikiwa mahututi, maswali hakuna, tawanyikeni. Wakatawanyika kweli! Goretti analia kwamba najiitia kifo, Odyek anasema, "Afande, tangu lini msichana akausemea ukoo na Baba Mkubwa yu hai?" na amekwisha mshitakia Ocaya, ambaye yuko njiani kuja kunihukumu. Je, nimzuie ndugu yangu mlangoni, au nifute maneno yangu na kumwacha Laker peke yake siku ile ikija?

*

Sajini Obwona,

Pole kwa kiharusi, na hongera kwa ulimi. Sasa sikiliza. Mungu amekurudishia mdomo, nawe umeutumia kupiga gwaride! Mtoto anaambiwa habari za kufa kwa baba yake akiwa wima juani, maswali hakuna, halafu unashangaa akilia?

Nitakueleza taratibu, maana nilikuwa mwalimu na kueleza hakunichoshi. Daktari hakukuuliza unataka kufa lini. Amekuuliza ni nani atakuwa sauti yako siku huna sauti, na sauti hiyo iseme nini. Anayeezeka nyumba kiangazi haiiti mvua. Mwambie Goretti hivyo. Tena ukibadili nia kesho, una haki ya kusema upya.

Kosa lako kubwa ni kumruka kaka yako. Wewe na yeye mmechanganya kuuguza na kuzika. Ocaya hana ugomvi na mpira wala mashine. Anaogopa mdogo wake atazikwa Kampala kama mtu asiye na kwao. Basi usimfungie mlango. Mpe kiti na chakula, watoto nao wakae. Mwambie wazi: "Kaburi langu ni lako, liko Gulu. Kitanda changu ni cha Laker." Kisha nyamaza, kila mtu aseme hofu yake. Mkielewana, mwombe Ocaya alitamke jambo hilo kwa kinywa chake, maana Odyek humsikia yeye. Halafu nenda na Laker kliniki, daktari aliandike kwenye faili lako.

*

Wasomaji wangu, majibu hayo nilimsomea Sajini kwa simu, kwa kuwa kaka yake alikuwa amekwisha panda basi. Ameniruhusu niwaeleze yaliyofuata.

Ocaya aliingia amekunja uso. Aliposikia habari ya kaburi, uso ukakunjuka. "Kwa hiyo ulipiga gwaride bila mimi?" akamwambia mdogo wake. "Mimi mkubwa, ningesimama mbele!" Hata Goretti akacheka. Ndipo Laker akauliza polepole, "Baba Mkubwa, na siku hiyo nikiogopa?"

"Ogopa," mzee akajibu, "lakini sema."

Mwezi uliopita pumzi zilimbana Sajini, akalazwa. Daktari akauliza lile swali lake. Odyek, kwa mazoea, akapiga simu Gulu, na sauti ya mzee ikasikika wodi nzima: "Mimi nipo shambani, unaniuliza nini? Dada yako si yuko hapo?" Laker akaogopa, akasimama, akasema: "Mpeni kila kinachoweza kumrudisha Bukoto. Kisichoweza, alikwisha kukataa." Hakuna aliyebisha. Tiba ikaanza pale pale, na baba yao akarudi nyumbani kwa miguu yake, ameshika mkono wa Odyek.

Wewe unayesoma, usingoje kiharusi kikufundishe. Chagua mtu mmoja, mwambie unalotaka, wengine wote wasikie, na daktari wako ajue. Wazungumze watu wakiwa wamekaa, na sahani mbele yao.

Jana Sajini alinipigia tena. Analalamika kwamba Laker amemwondolea chumvi mezani, na kwamba hayo hakumpa ruhusa.

Sajini, kula ulichopikiwa.