Chachu ya Anjelani na pompe ya toleka

Leo kazi tatu ya juma, mercredi. Mvua inaanguka hapa Kabondo tangu asubuhi, na roho yangu nayo iko na matope.

Naandika polepole, na kidole moja. Masomo yangu iliishia mwaka ya tatu ya primaire. Mais akili yangu inapita ya batu yenye diplome, hiyo kartie yote inajua.

Mwaka imetimia tangu bibi yangu ya ndoa, Anjelani, alikufa. Jumamosi, samedi, si hii, ile ingine, tunatoa matanga. Kwa batu yetu ya mto, siku ya kutoa matanga ya mwanamuke, masanga, pombe ya mahindi, inapikwa kwa moto yake mwenyewe, na inachacha na chachu yake mwenyewe. Ukinunua masanga ya inje, batu batakunywa, mais njiani batasema: huyu muzee amezika bibi yake mara mbili.

Chachu yake ilikuwa juu ya kabati, chupa moja ya kijani. Yale matope meupe ya chini, ya masanga yake ya mwisho, na kila mwezi niliipatia sukari kidogo ili isife. Ndani ya nyumba hii, ni kitu moja tu yenye aliniachia ingali na uzima.

Na mimi nimeiua.

Bon, niseme namna ilikuwa. Nilifanya miaka makumi mbili na tisa ku usine, kiwanda ya masanga. Batu bananiita Papa Chef. Hapa kwenye hii ukurasa sitadanganya: nilikuwa ninaosha mapipa. Mais mutu ya kuosha mapipa anaona yote. Niliona ya kama chachu haimwagwi tu ivi ndani ya pipa. Kwanza unaiamusha: unaipatia maji tamu kidogo, ya mahindi yenye iliota, ikapikwa, ikapoa. Inakula, inatoa povu, inakuwa mingi. Na ile maji tamu lazima uitie hewa mbele ya kutia chachu, sababu chachu inapumua sawa mutu.

Chachu yenyewe ni mimi niliileta nyumbani, mwaka ya ndoa yetu. Mukubwa ya kazi alinipatia chupa moja kwa usine. Tangu ile siku, kila mutu yenye alikunywa kwetu nilimuambia: mikono ni ya Anjelani, chachu ni yangu.

Dimanche, nikitoka misa, nikapika maji tamu. Anjelani alikuwa anaweka sufuria ndani ya beseni ya maji baridi, anagusisha kwa sufuria mukono yake, upande ya ndani ya mukono, anasema Baba Yetu mara tatu. Mukono ikivumilia zote tatu, imepoa. Mimi nikajisemea: mutu ya usine hapimake moto na maombi. Nikaenda kuazima pompe ya kutia upepo kwa tairi, ya jirani yenye anabebaka batu na kinga yake, ile baiskeli ya toleka. Nikaingiza mupira ya pompe ndani ya sufuria, nikapiga mpaka jasho ikaniingia macho. Povu ikapanda sawa ya sabuni! Nikafurahi sana. Nikamwanga chachu yote.

Yote. Sikuacha hata kijiko moja. Na sufuria ilikuwa ingali na moto.

Lundi, kimya. Mardi, kimya. Leo asubuhi nikafungua: harufu ya tairi.

Chachu ya namna ile ilibakia kwa mutu moja tu, Zozefina, mudogo ya Anjelani, yenye anakausha samaki kule karibu na maporomoko. Na tangu kilio hatusemeshani. Siku ya maziko aliniomba ile chupa. Alisema chachu bila kula inakufa, yeye atailisha. Nikamufukuza mbele ya batu yote. Nikasema ni chachu yangu, mutu asiiguse.

Nikapanda toleka ndani ya mvua, nikaenda.

Zozefina hakusimama. Aliendelea kugeuza samaki juu ya moshi.

— Papa Chef! Usine imefunga?

— Shemeji, chachu imekufa.

— Uliitia kwa maji ya moto?

— Kidogo.

— Na hii harufu ya tairi kwa mikono yako, ni nini?

Nikamuelezea pompe. Alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha akalia. Kisha akacheka tena.

Nikamuomba anigawie kidogo, ya ile chachu yenye nililetea dada yake. Akaacha samaki, akaniangalia.

— Yako? Yako ilikufa mu siku nane, shemeji. Anjelani aliimwanga nyuma ya nyumba. Hii ni ya mama yetu, ilitoka kwetu kijijini, Yanonge, ndani ya kibuyu.

— Na hakuniambia?

— Mimi nilitaka kukuambia. Akanikataza. Akasema: muache, mwanaume yenye anajisifu kwake nyumbani haendi kujisifu kwa nganda, kule banalewa.

 Nikageuza samaki yenye alikuwa ameacha, ilikuwa inaungua.

Zozefina akapika maji tamu kidogo, akaiweka ndani ya beseni, akavuta mukono yangu juu ya sufuria. Baba Yetu ya kwanza, sikufika kwa mukate ya kila siku, nikaruka. Tukangoja. Tukaanza tena, tukangoja tena. Kisha nikafika Amina tatu bila kutoa mukono. Akanipatia sufuria mbili: mwanga toka hii mpaka ile, toka juu, sawa maji ya maporomoko. Mara makumi mbili. Mabega iliniuma. Hapo tu ndipo akatia chachu.

Sasa niko nyumbani. Chupa iko nyuma yangu, imefunikwa na kitambaa ya kichwa ya Anjelani. Imeanza kusema tss, tss. Povu imefika kwa shingo.

Siku ya matanga batu batakunywa, na batapiga kelele sawa siku zote: Papa Chef, chachu yako iko na nguvu! Zozefina atakuwa pale. Ameniapia hatasema kitu. Ananiachia mimi niseme.

Anjelani alinyamaza miaka makumi tatu na moja sababu yangu. Na mimi, kusema mara moja tu sababu yake, nitaweza?